Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Kusaga Inapokuwa Mali ya Kituo cha Watoto

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa mistari michache tu, vituo na mashirika ya mitaani yanayofungua biashara ili faida yake ilipie huduma kwa jamii. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na nyingi zimetoka Mwanza na visiwa vya jirani. Tumechagua sita. Majina ya walioandika tumeyaacha kwa maombi yao wenyewe.

Mimi ni mfanyabiashara wa mitumba katika soko la Mlango Mmoja. Mara kwa mara nikifungua balo ninakuta nguo zenye vibandiko vya bei vya maduka ya hisani ya Uingereza na Marekani. Mteja mmoja amenikejeli kwamba tunauziwa sadaka za watu. Je, ni kweli nguo hizi zilitolewa bure? Na kama ni kweli, fedha ninayolipia balo inamfikia nani?
*Mfanyabiashara, Mlango Mmoja, Mwanza*

Ndugu yangu, mteja wako amesema kweli lakini hakuimaliza. Nguo ile ilitolewa bure na mtu aliyekuwa akipunguza kabati lake; ila tangu ilipovuka mlango wa duka la hisani ilikwisha kuwa bidhaa kama bidhaa nyingine. Maduka hayo ni mali ya mashirika yasiyogawana faida, na kazi yake ni kugeuza vitu vilivyotolewa kuwa fedha ya kuendeshea huduma. Oxfam, shirika la misaada la Uingereza, ilifungua duka lake la kwanza katika mji wa Oxford mwishoni mwa miaka ya 1940. Goodwill ya Marekani ni ya zamani zaidi: ilianza Boston mwaka 1902, pale mchungaji wa Kimethodisti aitwaye Edgar Helms alipokusanya nguo na vyombo kutoka kwa matajiri, akawaajiri maskini na wahamiaji wavishone na kuvitengeneza, kisha akaviuza na kuwalipa ujira kutokana na mauzo.

Ziangalie biashara hizo mbili kwa makini, kwa sababu tofauti yake itatusaidia katika barua zinazofuata. Duka la Oxfam linatafuta fedha, na fedha hiyo hupelekwa kwenye kazi inayofanyika mahali pengine kabisa. Kwa Helms, karakana na duka vilikuwa huduma yenyewe, kwa kuwa aliyekosa kazi aliipata humo humo, na hadi leo mauzo ya Goodwill huchangia mafunzo ya kazi katika miji ya kule.

Nguo zisizopata mnunuzi dukani huuzwa kwa kilo, hufungwa mabalo na kuingia mikononi mwa wafanyabiashara wanaozichambua kwa madaraja kabla ya kuzipakia kwenye makontena. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha unayolipia balo imeshika njia ya mchambuzi, meli, ushuru wa forodha na muuzaji wa jumla, na shirika lilikwisha kupata chake mapema kwa bei ndogo ya kilo. Si kila balo lina asili hiyo, maana zipo pia kampuni za kawaida zinazokusanya nguo kwa faida yake. Hata hivyo inafurahisha kufikiri kwamba mnunuzi wa koti pale Mlango Mmoja amechangia, bila kupewa hata ahsante, darasa la ufundi la kijana asiyemjua. Mwambie mteja wako hivyo atakaporudi na kejeli zake.

Ninaongoza kituo cha kulelea watoto mchana huko Kirumba, si mbali na Mwaloni. Akina mama wengi wanaotuletea watoto huondoka alfajiri kwenda kununua na kuanika dagaa. Sisi huwapa watoto uji na mahali pa kulala mchana. Tumesajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali. Mfadhili wetu wa nje amemaliza mkataba wake mwaka huu. Mjumbe mmoja wa bodi anapendekeza tununue mashine ya kusaga nafaka iwe mali ya kituo. Mwingine anaonya kwamba shirika lisilo la faida likifanya biashara litafutwa. Nani yuko sahihi, na je, mashine moja inaweza kuwalisha watoto 45?
*Mama mlezi, Kirumba, Mwanza*

Dada yangu, mjumbe wako wa pili amechanganya mambo mawili ambayo hata maofisa wakati mwingine huyachanganya, nayo ni kupata faida na kugawana faida. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, baada ya marekebisho ya mwaka 2019, inalielezea shirika kuwa ni kundi la hiari lisilogawana faida, na kifungu chake cha 32 kinaliruhusu shirika lililosajiliwa kufanya shughuli halali za kujipatia fedha. Kinachokatazwa ni wanachama au viongozi kuketi mwisho wa mwaka na kutia mfukoni kilichobaki. Ikibaki shilingi milioni moja nayo ikaenda kwenye uji, hamjavunja kitu. Angalieni tu kama katiba yenu inataja shughuli za kujiingizia kipato. Kama haitaji, irekebisheni kwa utaratibu wa Msajili wa mashirika kabla ya kununua hata mkanda wa mashine. Baada ya hapo ni leseni ya biashara kutoka Manispaa ya Ilemela, usajili wa mlipakodi TRA, na kuionyesha biashara hiyo waziwazi katika taarifa zenu za mwaka na hesabu zilizokaguliwa.

Swali lako la pili ndilo gumu, na watu wengi hulijibu kwa matumaini. Nitalijibu kwa hesabu ya mfano tu, nanyi mtaweka tarakimu zenu. Tuseme mashine inaingiza shilingi 60,000 kwa siku, siku 26 za mwezi, yaani shilingi 1,560,000. Mtu akiiona fedha hiyo kwenye kopo atasema mmetajirika. Sasa toeni tokeni za LUKU, 420,000. Mshahara wa msagaji, 250,000. Pango la fremu, 150,000. Nyavu, mikanda na fundi, 120,000. Leseni, kodi na ushuru mbalimbali, 80,000. Kisha toeni kile ambacho karibu kila kituo husahau, yaani akiba ya kununua mashine nyingine hii itakapochakaa, tuseme 150,000. Kilichobaki ni 390,000, robo kamili ya mauzo. Gaweni kwa watoto 45 na kwa siku 26, mtapata shilingi 333 kwa kila mtoto kwa siku. Hicho ni kikombe cha uji wenye sukari. Hakitoshi maziwa, na hakigusi mshahara wa mlezi hata mmoja.

Sijaandika hesabu hii ili kuwavunja moyo. Nimeiandika ili mjue thamani halisi ya zile 390,000, ambayo haiko katika wingi wake. Mfadhili hulipia mradi: atawanunulia magodoro, atawajengea choo na kuchora nembo yake mlangoni, lakini mara chache atakubali kulipa mlinzi, bili ya maji, au uji wa mwezi ambao mkataba wa zamani umekwisha na mpya haujasainiwa. Fedha ya mashine haina mradi wala tarehe ya kufungwa. Ni ndogo, lakini inaingia kila mwezi, na kituo kinachoweza kujilipia mambo yake madogo kinazungumza na mfadhili ajaye kwa sauti nyingine kabisa. Wekeni lengo hilo, kwamba mashine ilipie uji, na mlezi aendelee kulipwa kwa michango ya wazazi na misaada mingine mtakayoipata. Mkiitwisha mashine kituo kizima, itakufa nacho.

Pendekezo la mjumbe wako lina uzuri mmoja ambao pengine yeye mwenyewe hakuuona. Shirika la BRAC la Bangladesh, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972 na ambalo limekuwa likifanya kazi hapa Tanzania tangu 2006, linamiliki maduka ya kazi za mikono yaitwayo Aarong tangu 1978 pamoja na kiwanda cha maziwa. Biashara hizo hazikuchaguliwa kwa kuangalia tu nini kinalipa mjini. Wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika walikuwa wakitengeneza vitu, wauzaji wakawachelewesha malipo kwa miezi; shirika likafungua duka lake ili walipwe mara moja. Baadaye wanawake waliopata ng'ombe kwa mikopo walikosa mnunuzi wa maziwa, kikaja kiwanda. Kule Iringa, Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, imejenga karakana na mgahawa wake juu ya watu wenye ulemavu wanaofanya kazi humo. Ninyi nanyi mna akina mama 40 hivi wanaopita mlangoni asubuhi na jioni, ambao wote wanahitaji kusagiwa, na kituo chenyewe kinanunua unga kila wiki. Wateja wa kwanza mnao kabla hamjafungua.

Anzeni kwa kusaga kwa malipo tu. Kupaki unga na kuuza madukani ni kazi nyingine, yenye masharti ya shirika la viwango (TBS), vifungashio na madeni ya wenye maduka. Na kuhusu uaminifu wa msagaji, ambao najua ndio utakaokukosesha usingizi, mita ya LUKU itakuwa shahidi wako. Wiki ya kwanza kaeni naye, mpime kila mzigo kwenye mizani, mwandike kilo ngapi zimesagwa kwa kila uniti moja ya umeme, mkitenganisha kusaga na kukoboa. Baada ya hapo uniti zilizotumika kwa wiki zitakuambia kilo zilizosagwa, na kilo zitakuambia fedha inayopaswa kuwa kwenye kopo. Tofauti ndogo ni ya kawaida, kwa sababu mahindi mabichi hula umeme zaidi. Tofauti kubwa inahitaji maelezo, na maelezo yaombwe kwa heshima, kwa sababu wakati mwingine kosa huwa ni nyavu zilizochakaa.

Nina kibanda cha mikate na vitafunwa Nyakato. Shirika moja la mtaani kwetu limefungua tanuri. Tanuri walipewa msaada, jengo ni lao, na mkate wao ni nafuu kwa shilingi 200 kuliko wangu. Mimi nina mkopo na pango. Je, hii ni haki?
*Mwoka mikate, Nyakato, Mwanza*

Malalamiko yako yana historia ndefu, na yaliwahi kubadilisha sheria ya nchi kubwa. Mwaka 1947 kampuni ya Marekani ya kutengeneza makaroni, C. F. Mueller, ilinunuliwa kwa ajili ya kukinufaisha chuo cha sheria cha Chuo Kikuu cha New York. Kwa kuwa faida yake yote ilikuwa inakwenda kwenye elimu, wamiliki walidai isitozwe kodi ya mapato, na watengenezaji wengine wakapiga kelele kwa hoja ile ile yako. Mwaka 1950 bunge la nchi hiyo likaweka kodi juu ya biashara ya taasisi ya hisani isiyohusiana na kazi iliyoanzishiwa. Chuo hakikupata hasara sana, kwa maana mwaka 1976 kiliiuza kampuni hiyo kwa dola milioni 115. Lakini kanuni ilibaki, na nchi nyingi zina kitu kinachofanana nayo.

Hapa kwetu watu wengi hudhani kwamba cheti cha usajili wa shirika ni msamaha wa kodi. Sivyo. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, shirika hutambuliwa kuwa la hisani baada ya Kamishna wa TRA kutoa uamuzi rasmi kuhusu shirika hilo, na hata likitambuliwa, biashara yake huhesabiwa na kutolewa taarifa. Likiamua kuweka tanuri chini ya kampuni iliyosajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara (BRELA), ambayo hisa zake zinamilikiwa na shirika, kampuni hiyo hulipa asilimia 30 ya faida kama kampuni nyingine. Risiti za mashine ya kodi (EFD) zinahusika, na mauzo ya mwaka yakivuka kiwango cha kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambacho tangu 2023 ni shilingi milioni 200, kodi hiyo nayo inahusika. Una haki ya kuuliza kama majirani zako wametimiza hayo. Kuhusu jengo, kusema kweli, huna hoja. Mfanyabiashara yeyote aliyerithi nyumba ya barabarani ana nafuu hiyo hiyo, na hatumshitaki.

Ila ningependa wao pia wasome safu hii, kwa sababu katika suala la bei nadhani wanajidhulumu wenyewe zaidi ya wanavyokudhulumu wewe. Tanuri la shirika lipo ili lipate ziada. Kila shilingi 200 wanayomwachia mnunuzi wa mkate, akiwemo mwenye gari anayepita tu kuelekea Igoma, imetoka kwenye huduma waliyoahidi. Kama wanataka kumsaidia maskini kwa mkate wa bei nafuu, wamjue ni nani na wampunguzie yeye. Wengine wote walipe bei ya soko. Nenda ukazungumze nao kabla ya kwenda kwa mtendaji wa mtaa. Tanuri lililotolewa msaada mara nyingi ni kubwa kuliko wateja waliopo, na huenda ikawa faida kwenu wote wakikuuzia mikate kwa bei ya jumla nawe ukabaki na vitafunwa.

Sisi ni vijana kumi wa Nansio. Tunataka kufuga samaki kwenye vizimba. Tumeambiwa tusajili shirika, wengine wanasema ushirika, wengine kikundi ili tupate mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Tofauti ni nini?
*Vijana wa Nansio, Ukerewe*

Tofauti iko kwenye swali moja ambalo mjiulize nyote kumi, kila mmoja akijibu kwa ukweli: ziada ikipatikana, mnataka iende wapi?

Kama jibu ni nyumbani kwenu, hilo ni jibu la heshima na wala lisifichwe chini ya kofia ya shirika. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, na hutolewa kwa vikundi kama chenu. Onaneni na Afisa Maendeleo ya Jamii. Mkikua, ushirika upo, na Kanda ya Ziwa haihitaji kufundishwa na mtu maana yake. Wazee wenu wa pamba waliunda shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake, wakamiliki viwanda vya kuchambulia pamba wakati ambapo biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa wengine. Lakini ziada ya ushirika ni ya wanachama. Katika shirika hakuna mwenye hisa, na mkichoka mkaamua kulivunja, vizimba havigawanywi kwenu.

Mtaani kwetu kuna shirika lililojenga ukumbi wa sherehe kwa michango yetu na ya wafadhili, wakituambia mapato yatasaidia zahanati. Kila Jumamosi ukumbi umejaa harusi na sendoff. Ni mwaka wa tano sasa, na zahanati haijapata hata glovu. Tukiuliza tunaambiwa ukumbi bado unajiendesha. Wananchi tufanye nini?
*Mkazi, Wilaya ya Nyamagana*

Hatutalitaja shirika hilo hapa, nawe umefanya vyema kutolitaja kwa jina katika barua yako, kwa kuwa sisi tumesikia upande mmoja tu. Inawezekana kabisa kwamba hakuna mwizi. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuwa mweka hazina wa kikundi kilichopewa mashine ya barafu katika mwalo mmoja wa ziwa hili, ambapo wavuvi wa sangara walikuwa wakihangaika kutafuta barafu mjini. Mpango ulikuwa kwamba faida ya barafu ilipie maji ya bomba kwa ajili ya kijiji. Tuliuza barafu kwa miaka miwili na nusu. Fedha niliiona kwa macho yangu, niliihesabu kwa vidole vyangu, na haikuibwa. Iliishia kwenye dizeli ya jenereta umeme ulipokatika, kwenye madeni ya wavuvi waliohamia visiwa vingine kabla ya kulipa, na kwenye kompresa iliyokufa siku tuliyokuwa na shilingi 70,000 benki. Mwishoni kijiji kilitudai maji, nasi tulikuwa tukidaiwa na fundi. Kosa letu lilikuwa kwamba fedha ya barafu na fedha ya maji zilikaa kwenye daftari moja, hivyo hakuna aliyeweza kuona, hata mimi, kwamba biashara ilikuwa ikila mtaji wake tangu mwezi wa nane.

Kwa hiyo neno lile "ukumbi bado unajiendesha" linaweza kuwa ficho, na linaweza kuwa ukweli mchungu. Njia ya kulipima ni kuomba vitu mahususi badala ya kuomba maelezo. Ombeni, kwa maandishi kupitia mwenyekiti wa mtaa, hesabu za ukumbi peke yake zikiwa zimetenganishwa na hesabu za shirika: siku ngapi umekodishwa mwaka jana, kwa bei gani, na gharama zake. Daftari la kukodisha ni rahisi kulihakiki, kwa sababu harusi haifanyiki kimya kimya, na ninyi majirani mnaozikesha mnajua idadi yake. Ombeni kuonyeshwa ripoti ya mkaguzi ambayo shirika linatakiwa kuipeleka kwa Msajili. Ulizeni watia saini wa akaunti ni akina nani, na kama meneja wa ukumbi ni mjumbe wa bodi inayomsimamia, au shemeji wa mwenyekiti wake, kwa kuwa hapo ndipo pengi huharibikia. Wasipojibu, Msajili Msaidizi wa mashirika yupo wilayani na mkoani.

Na kama hesabu zikionyesha kweli kwamba ukumbi hauna ziada, msishangilie kuwashika pabaya. Waombeni bodi iweke kanuni iliyoandikwa: kwamba kutoka kila ukodishaji kiasi fulani, hata kama ni shilingi 20,000, kinahamishwa siku hiyo hiyo kwenda akaunti ya zahanati, kabla ya gharama nyingine kukizoea. Ukumbi usioweza kutoa hata hicho, bodi ijadili kuukodisha wote kwa mwendeshaji mwenye ujuzi na kubaki na pango lake.

Kamati yetu ya msikiti, Mabatini, ina kiwanja kinachopakana na barabara. Tunataka mapato yake yasaidie madrasa na mazishi ya wasio na ndugu. Vijana wanataka tufungue tanuri la mikate. Wazee tunataka kujenga fremu nne za kupangisha. Tumeshindwa kuafikiana.
*Mzee wa kamati, Mabatini, Mwanza*

Mzee wangu, shikamoo. Mnalolijadili lilikuwa na jina katika Kiswahili kabla hatujasikia neno shirika, nalo ni wakfu: mali inayowekwa isiuzwe wala isirithiwe, na mapato yake yaelekezwe kwenye jambo la kheri. Misikiti mingi ya miji yetu imezungukwa na maduka kwa sababu hiyo. Majirani zenu Wakristo wamefika kwa njia nyingine, kama Wabenediktini wa Peramiho ambao kwa miongo mingi wamekuwa na karakana na mtambo wa uchapaji kando ya hospitali na shule zao. Ila watawa wale huishi na kufanya kazi pale pale kila siku ya maisha yao. Kamati yenu hukutana, bila shaka, baada ya Ijumaa.

Hiyo ndiyo sababu ninayoegemea upande wa wazee. Tanuri linataka mtu anayeamka saa tisa usiku, anayejua bei ya ngano imepanda jana na anayeweza kumfukuza kazi mpwa wa imamu bila msikiti kugawanyika. Fremu inataka mkataba na subira. Ziada yake ni ndogo kuliko ya tanuri lililofanikiwa, na kubwa kuliko ya tanuri lililofungwa. Vijana wenu msiwaache mikono mitupu: mmoja wa wapangaji anaweza kuwa wao, wakikodi fremu kwa pango lile lile la wengine na kuoka mikate yao kwa hatari yao wenyewe.

Hakikisheni kwamba kiwanja kimeandikwa kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kwa wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini (RITA), isiwe jina la mzee mmoja mwema ambaye warithi wake hamuwajui. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango analowalipa na kuiwasilisha TRA kama kodi, kwa hiyo msimwone kuwa mjanja anapowaletea pungufu. Mdaini stakabadhi ya zuio. Na kwa kuwa wapangaji wa hapa hulipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, fedha inayoingia Januari mwigawe siku hiyo hiyo kwa idadi ya miezi iliyolipiwa na kuandika kiasi cha kila mwezi kwenye daftari la madrasa, ili mwalimu wa Juni naye akute posho yake ipo.